Kasoro Iliyozungumza

Namba yenyewe ni 54296. Kwa waliowahi kuandika programu za Commodore 64, namba hii haihitaji utambulisho. Kwa sisi wengine, hiyo ni anwani ya chumba kimoja ndani ya kompyuta ile, chumba kidogo chenye biti nane tu. Biti nne za chini zilipewa kazi ya kawaida kabisa: kupandisha na kushusha sauti. Ukiandika 0 humo, kimya. Ukiandika 15, sauti ya juu kuliko zote. Ni kama kile kitufe cha kuzungusha kwenye redio ya sebuleni, basi. Hakuna aliyekusudia kwamba kitufe hicho siku moja kitakuja kuongea.

Kikaongea. Kisha kikanyamazishwa na mafundi waliokuwa na nia njema tu, halafu miaka mingi baadaye watu wengine wakakirudishia ulimi. Nimekuwa nikiisoma habari hii kwa muda sasa, na kila nikiisoma naiona kama habari ya wahariri na miswada.

Tuanze na chombo. Commodore 64 iliingia sokoni Marekani mwaka 1982, ikiwa na chipu ya sauti iitwayo SID, toleo namba 6581, kazi ya mhandisi kijana Bob Yannes. Yannes alipenda vyombo vya muziki vya umeme, na alitaka chipu yake ifanane navyo badala ya kupiga milio ya kengele kama kompyuta nyingine za wakati ule. Akaipa sauti tatu, kila moja na umbo lake la wimbi, akaiwekea na kichujio cha kuzichonga sauti hizo. Kwa kompyuta ya nyumbani, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila mlango wa kuchezesha sauti iliyorekodiwa hakuuweka. Chipu ile ilijua kutunga sauti, kunukuu haikujua.

Sasa, kasoro. Ndani ya 6581 kuna umeme mdogo wa kudumu unaovuja hadi mwisho wa njia ya sauti, hata pale sauti zote tatu zinapokuwa zimenyamaza. Ukibadilisha namba kwenye chumba cha 54296, umeme ule nao hupanda au kushuka ghafla, na spika hushtuka: *tak*. Ukitoka 0 kwenda 15, tak kubwa. Ukitoka 7 kwenda 8, tak ndogo hata huisikii. Kwa mhandisi huo ni uchafu wa kazi. Lakini hebu fikiria mtu anayeishtua spika hivyo mara 8,000 kwa sekunde, na kila mshtuko ukubwa wake ameupima kwa kufuata wimbi la sauti ya binadamu aliyerekodiwa. Hapo hausikii tena tak. Unasikia mtu.

Kinachofanyika ni kilekile kinachofanyika leo kwenye simu yako: wimbi linakatwakatwa vipande, kila kipande kinapewa namba ya kimo chake, na namba hizo zinasomwa kwa mpangilio. Tofauti ni kwamba simu yako ina vimo zaidi ya 65,000 vya kuchagua, na Commodore ilikuwa na 16. Ngazi ya vidato 16 tu, na sauti nzima ya mtu, na pumzi zake, mikwaruzo yake na kicheko chake, ipande na kushuka humo.

Tena bei yake haikuwa ndogo. Prosesa ya kompyuta ile, kwa toleo la Ulaya, ilipiga mapigo kama 985,000 kwa sekunde. Gawa kwa 8,000: unabaki na mapigo 123 kwa kila kipande cha sauti. Amri moja ya lugha ya mashine hula kati ya mapigo 2 na 7, kwa hiyo una nafasi ya amri chache kuchukua namba kwenye kumbukumbu, kutenganisha nusu ya juu na nusu ya chini ya baiti (maana kila baiti ilibeba vipande viwili), kuiandika kwenye 54296, na kurudi kwenye shughuli nyingine, kama muda upo. Na kuna mwizi. Chipu ya picha, kila baada ya mistari minane ya skrini, humsimamisha prosesa na kumnyang'anya mapigo 40 na ushee ili isome herufi za kuchora. Inafanya hivyo mara 25 kwa kila picha, picha 50 kwa sekunde. Matokeo yake, sauti inatetemeka kama mzee anayezungumza juu ya gari la ng'ombe. Ndiyo maana programu nyingi za kuongea zilizima skrini kabisa kabla ya kufungua mdomo. Mashine haikuweza kukutazama na kusema nawe kwa wakati mmoja.

Kumbukumbu nayo! Vipande 8,000 kwa sekunde, viwili kwa baiti, ni baiti 4,000 kwa sekunde. Kompyuta nzima ina kilobaiti 64. Hata ungefuta kila kitu, programu yenyewe pia, ungepata sekunde 16 za maneno. Mtu anayejua kwamba ana sekunde 16 za kusema, na si zaidi, anachagua maneno kwa namna ambayo waandishi wengi wa leo (mimi nikiwamo) tungepaswa kuionea wivu.

Lazima niseme kwamba Commodore haikuwa ya kwanza kubanwa hivi. Kwenye Apple II hali ilikuwa mbaya zaidi: spika yake ilikuwa na hali mbili tu, imesukumwa au imevutwa, na ulichoweza kufanya ni kugusa anwani 49200 ili ibadilike kutoka hali moja kwenda nyingine. Vidato viwili. Pamoja na hayo, mwaka 1981 Silas Warner wa kampuni ya Muse Software, Baltimore, alitoa gemu la Castle Wolfenstein, na ndani yake walinzi wa Kijerumani wanakupigia kelele kwa Kijerumani. Ni sauti ya mkwaruzo, kama mtu anayefoka kupitia bati, lakini ni Kijerumani, na mchezaji anaruka kwenye kiti.

Hicho Kijerumani ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Maana katika miaka ileile palikuwa na njia nyingine ya kuifanya kompyuta iseme, na njia hiyo haikurekodi mtu yeyote. Mwaka 1982 Mark Barton alitoa programu iitwayo SAM, iliyokokotoa sauti ya usemi kutoka kwenye orodha ya vitamkwa. Ilikuwa kazi ya ajabu. Humpi sauti, unampa maandishi, naye anatamka. Programu iliyotokana nayo ndiyo iliyoipa Macintosh sauti mwaka 1984. Na kwenye Commodore 64, SAM naye alipitishia usemi wake kwenye mlango uleule wa 54296, akazima na skrini ili asitetemeke.

Nimecheza naye sana, kwa kutumia programu inayoiga Commodore kwenye laptopu yangu. Ukimwandikia "habari za asubuhi" hivi hivi, anaitafuna kwa kanuni za tahajia ya Kiingereza mpaka huruma inakushika. Ukiacha kanuni hizo na kumwandikia kitamkwa kimoja kimoja, mambo yanakuwa afadhali. Ng' ya ng'ombe anayo, kwa sababu Waingereza nao wanayo mwishoni mwa maneno yao, ingawa hawathubutu kuanzia neno nayo. Mkazo unaweza kumwekea kwa namba kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nao unakaa vizuri tu. Lakini gh ya ghali haimo kwenye orodha yake. R ya kupigapiga ulimi haimo. Ukisema "rafiki" kwa kinywa cha SAM, ni rafiki aliyekulia Ohio. Hakuna dharau hapo. Barton alitengeneza mashine ya Kiingereza kwa watu wa Kiingereza, na akaitengeneza vizuri. Ila mipaka ya kinywa ilichorwa kabla mimi sijafika.

Kasoro ya 54296 haikuwa na mipaka hiyo. Haikujua lugha yoyote, kwa hiyo haikuwa na lugha ya kuikataa. Kijerumani, Kiingereza, kikohozi, ngoma, vyote kwake ni vimo vya wimbi.

Nilifanya jaribio. Kwenye simu yangu nimehifadhi ujumbe wa sauti wa marehemu shangazi yangu, sekunde 11, ambamo ananiambia, "Mwanangu, ukipita Kariakoo usirudi mikono mitupu, nazi zimekwisha." Niliupunguza hadi vipande 8,000 kwa sekunde, kisha nikaubana kwenye vidato 16. Ukawa baiti 44,000, ukaenea. Nikauchezesha. Mvumo mzito nyuma, kama mvua juu ya mabati, na ndani ya mvua hiyo shangazi. Sikumwambia binamu yangu ni nini. Nilimpigia tu simu nikaiweka karibu na spika. Hakufika hata kwenye nazi. Alilitambua lile "mwanangu", namna alivyokuwa akilivuta kidogo mwishoni, akanyamaza.

Vidato 16 havitoshi kubeba sauti ya mtu. Hesabu inakataa, kinachotoka kina kelele nyingi. Kinachobeba ni sikio linalomfahamu. Wale mliowahi kushika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu mnalijua jambo hili. Mwandiko ule wa zamani hautofautishi *i* na *e*, wala *u* na *o*; alama ni moja, na msomaji ndiye anayejua neno ni lipi kwa sababu utenzi amekwisha usikia. Aliyeandika hakuona upungufu. Alimwandikia mtu mwenye sikio.

Aliyelielewa hili kitaalamu kuliko wengine ni Forrest Mozer, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye kazi yake hasa ilikuwa mambo ya anga za juu. Katikati ya miaka ya 1970 alibuni namna ya kulichukua wimbi la usemi uliorekodiwa na kutupa kila kitu ambacho sikio halitakililia. Matumizi ya mwanzo yalikuwa kikokotozi cha watu wasioona, chenye msamiati wa maneno 24. Baadaye kampuni ya Electronic Speech Systems, iliyotumia njia hiyo, ikaupeleka usemi wake kwenye magemu ya Commodore 64. Mwaka 1984 yakatoka mawili yanayokumbukwa hadi leo: Impossible Mission ya Dennis Caswell, ambamo profesa mwovu anamkaribisha mchezaji kwa sauti ya upole wa kutisha, na Ghostbusters ya David Crane, inayolitamka jina lake yenyewe kwa kishindo. Watu waliokuwa watoto wakati ule wamezeeka sasa, na bado wanaweza kumwigiza yule profesa.

Hayo yalikuwa maneno. Kuitia sauti ya namna hiyo ndani ya muziki, muziki ukiwa unaendelea, kulichukua muda zaidi, na hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1987 Martin Galway, mtunzi wa muziki wa magemu huko Uingereza, alikuwa ameona programu moja ya ngoma ikitoa milio ambayo SID haikupaswa kuiweza. Akaifungua kuichungulia. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliona kwamba ilikuwa ikiitikisa rejista ya sauti, lakini hakuweza kung'amua namba za ngoma zilitoka wapi. Kwa hiyo akatunga za kwake: akaiamuru prosesa ikokotoe milio ya ngoma papo hapo, bila rekodi yoyote. Ndiyo ile milio ya ajabu ya kububujika kwenye muziki wa Arkanoid, ambayo hata yeye aliifananisha na milio ya tumbo. Baadaye akapata rekodi za ngoma halisi, akaziingiza kwenye muziki wa Game Over mwaka uleule. Naipenda Arkanoid kuliko Game Over. Mtu aliyesikia hadithi nusu, akaijaza mwenyewe ile nusu iliyobaki, mara nyingi hutoka na kitu ambacho mwenye hadithi nzima asingekifikiria.

Na Yannes? Alikuwa ameshaondoka. Yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Ensoniq, na katikati ya miaka ya 1980 wakatoa kinanda kiitwacho Mirage, ambacho kazi yake ilikuwa kurekodi sauti yoyote na kuichezesha, kwa bei isiyofika dola 2,000 wakati vinanda vya aina hiyo viliuzwa kwa bei ya nyumba. Mtu aliyetengeneza chipu isiyojua kunukuu akaenda kutengeneza chombo cha kunukuu. Wakati huohuo chipu yake ya kwanza ilikuwa inajifunza kazi hiyo pasipo yeye.

Kisha ikatengenezwa. Commodore walipoibadilisha kompyuta ile kuwa toleo la C64C, hatimaye walitia chipu mpya ya SID, 8580. Ilitumia umeme wa volti 9 badala ya 12, haikuchemka sana, kichujio chake kilitabirika, na ule umeme unaovuja ulikuwa umedhibitiwa. Kila badiliko lilikuwa zuri kwenye karatasi. Mtu akanunua kompyuta mpya, akaweka diski yake ya zamani, na profesa mwovu wa Impossible Mission akawa anamkaribisha kwa mbali sana, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Ngoma za Galway zikanywea. Programu haikubadilika hata baiti moja. Kilichobadilika ni kwamba chombo hakikuwa tena na kosa la kuisomea.

Nilimjaribu shangazi kwenye chipu hiyo pia, kwa kuwa programu ninayotumia inakuruhusu kuchagua 6581 au 8580. Nilipoweka ya pili ilinibidi nisogeze sikio, na nilimsikia kwa sababu tu nilikwishajua anachosema.

Wenzetu wa ushairi wa mwambao wana jeraha linalofanana na hili. Mhariri mwenye nia njema anauchukua utenzi wa Kiamu, anakuta *mato*, anaandika *macho*, kwa sababu ndivyo Kiswahili sanifu kinavyotaka. Neno limesahihishwa. Na ubeti mzima uliojengwa juu ya kina cha *-to* umekufa mikononi mwake, wala hajui, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye neno na si kwenye kilichotegemea neno. Simlaumu sana mhandisi wa 8580 kama ninavyomlaumu mhariri huyo. Mhandisi hakuwa na mswada mezani; miswada ilikuwa imetawanyika kwenye diski nyumbani kwa watu.

Watu hawakukaa kimya. Wengine waliyeyusha risasi na kuunga rezista ya takriban kilo-omu 470 kati ya mlango wa sauti ya nje wa 8580 na waya wa chini, ili kuurudisha kwa makusudi ule umeme uliokuwa umeondolewa kwa makusudi. Yaani ukarabati wa ukarabati. Wengine walifanya hivyo kwa programu tupu: waliiamuru chipu ishikilie sauti zake tatu zikiwa zimesimama juu, bila kutetemeka, hivyo pakawa tena na kitu cha kudumu ambacho rejista ingeweza kukipandisha na kukishusha. Na programu zinazoiga mashine hizi leo zinatoa chaguo la tatu: 8580 yenye nyongeza hiyo. Kwa hiyo ukitaka kusikiliza gemu la 1984, lazima kwanza uamue unataka toleo lipi la chombo, jambo ambalo mtunzi hakuwahi kulifikiria. Mimi nachagua 6581, na sioni haya. Kazi ilitungwa kwa kosa lile, basi isomwe kwa kosa lile.

Kufikia mwaka 1985 Amiga ilikuwa imeshatoka, na njia nne za sauti iliyorekodiwa, biti nane kila moja, zisizomsumbua prosesa hata kidogo. Pale kilichokuwa magendo kikawa halali, na muziki mwingi mzuri ukatungwa. Sina mengi ya kusema juu yake hapa. Mambo yakishakuwa rahisi historia yake huwa ya aina nyingine.

Ila mmoja wa waliokulia kwenye Amiga hiyo alirudi nyuma. Pex Tufvesson wa Uswidi, anayejulikana kwa jina la Mahoney, mmoja wa wawili waliotoa programu ya kutungia muziki iitwayo NoiseTracker mwaka 1989, alikirudia chumba cha 54296 mwaka 2014. Swali lake lilikuwa la mtoto: kama biti nne za chini zinaongea, zile nne za juu zinafanya nini? Tatu ni za kuchagua aina ya kichujio. Moja ni ya kuinyamazisha sauti ya tatu. Hakuna hata moja iliyohusu kimo cha sauti. Lakini alipoiweka chipu katika hali maalumu na kuandika humo kila namba kuanzia 0 hadi 255, akipima kinachotoka kwa kila moja, aligundua kwamba biti zote nane huusogeza umeme wa kutokea, kila moja kwa kiasi chake, bila utaratibu unaoeleweka kirahisi. Hiyo 200 inaweza kuwa chini ya 30. Akavipanga vimo hivyo upya kwa ukubwa kwenye jedwali moja, na vidato 16 vikawa vingi zaidi, vya kutosha sauti kutoka safi kwa namna ambayo wenye mashine hizo kwa miaka 30 hawakuwahi kuisikia. Kazi hiyo aliitoa kwa jina la Musik Run/Stop.

Jedwali lenyewe ukilitazama halina uzuri wowote. Ni namba 256 zilizovurugika, zilizopatikana kwa kupima chipu halisi na si kwa kusoma kitabu cha waliolitengeneza, maana kwenye kitabu hazimo. Tena chipu za 6581 hazilingani. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana vya kutosha mtu mwenye sikio akazijua. Anayetaka kufanya kazi hii vizuri anaifungua kompyuta yake, anapima, na kuandika jedwali la chipu aliyonayo.